Majani ya Ng'ombe Si Kitu Kizito

Njoro, Moshi
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama Flora,

Shikamoo. Najua huitikii mpaka mtu akae kwanza, anywe maji, aseme watoto hawajambo. Haya, nimekaa. Maji nimekunywa. Ndeshi na mdogo wake hawajambo, na baba yao hajambo, ila amenunua pikipiki isiyotaka kuwaka asubuhi, na sasa Njoro nzima inajua tunaamka saa ngapi.

Mwaka unakaribia kutimia tangu tukuzike kule kwako Uru, na mimi bado nikiona mwamvuli wa kijani barabarani nataka kuita. Juzi pale sokoni nimeita kweli, tena kwa sauti. Mama wa watu akageuka, mimi nikabaki nimeachama. Nikamwambia samahani mama, shikamoo, nimekufananisha. Akasema marahaba, halafu akaniuliza huyo ninayemtafuta ameelekea wapi. Nikamwambia yuko Uru. Sikumdanganya, au siyo?

Wewe ndiye niliyekudanganya, na ndiyo maana nakuandikia. Nilikudanganya, na kumbe ulijua. Nitalifikia hilo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mwanamke haulizwi habari za mkojo kabla hajaulizwa habari za ng'ombe, kwa hiyo tuanze na ng'ombe. Malkia wako amezaa jike. Baba Flora amempa ndama jina la Dodoso, eti kwa sababu anamfuata kila mtu nyuma nyuma akitaka kujua mambo yake. Ukisimama pale kwako jioni utamsikia mzee anafoka, "Dodoso, toka kwenye maharage!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilishika ukuta na kukunja miguu, nisikufiche tena.

Unaikumbuka siku ya kwanza ya mafunzo, kwenye ule ukumbi wa mjini wenye feni inayolia kama inachinjwa? Daktari Elinami, mkubwa wetu wa utafiti, alichora ubaoni kibofu kinachofanana kabisa na parachichi. Akatueleza kwamba wanawake wanaotokwa na mkojo bila kutaka wako wa aina mbili kubwa. Wa kwanza mkojo unawatoka tumbo likikazwa: akikohoa, akipiga chafya, akicheka, akibeba kitu kizito. Wa pili anabanwa ghafla, haraka isiyoambilika, na kabla hajafika chooni ameshalowa. Wa kwanza anafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini. Wa pili anafundishwa kukizoesha kibofu kusubiri, na wengine hupewa vidonge. Ukimpa huyu tiba ya yule, umempotezea muda wake na aibu yake anabaki nayo.

Sisi kazi yetu ilikuwa kuuliza. Maswali yalikuwa kwenye dodoso, na tuliambiwa tuyasome neno kwa neno. Majibu yangesema huyu ni wa mkazo, huyu ni wa haraka, halafu kila mama angeshuka Moshi akapimwe na daktari, tuone kama karatasi na daktari wanakubaliana. Wakikubaliana, nesi wa zahanati yoyote huko juu ataweza kumtambua mgonjwa wake kwa maswali tu, bila kumteremsha mjini. Wewe mkunga mstaafu uliyezalisha nusu ya Uru ulinyoosha mkono ukauliza, "Na mwenye yote mawili?" Daktari akasema wapo, mama, swali zuri. Ukaniinamia sikioni ukasema, "Ananiambia wapo! Mimi nimewapokelea watoto." Ndipo nikajua nitakaa na wewe siku zote.

Halafu tukaambiwa tujaribu dodoso sisi kwa sisi, na wewe ukapangiwa kuniuliza mimi.

Mama Flora, tangu nimzae mdogo wake Ndeshi, yule aliyekuja na kichwa cha babu yake, mkojo ulikuwa unanitoka. Siyo mwingi. Wa kutosha tu kunifanya nitembee na kanga ya akiba kwenye mkoba na kuacha kuruka kwenye kwaya. Sare yetu ya sikukuu ni sketi nyeupe, na mimi kila sikukuu nilikuwa naumwa. Siku moja uliniambia, "Haika, hiyo malaria yako inajua kalenda ya kanisa." Nilicheka tu, kwa uangalifu.

Basi siku ile ukaweka miwani, ukanyoosha karatasi, ukanisomea kama mtu usiyenijua: je, katika miezi mitatu iliyopita, mkojo umewahi kukutoka bila kukusudia? Nikasema hapana. Ulinitazama juu ya miwani. Kanuni ni kwamba mdodosaji anaandika analoambiwa, siyo analoliona, na wewe kanuni ulikuwa unaishika. Ukaandika. Uliandika maneno mengi kuliko hapana, hilo niliona, lakini nikajipa moyo kwamba labda unajaza tarehe.

Tukaingia kazini. Tumezunguka, mama! Masama kwetu, Uru kwenu, juu na chini, na ule udongo wetu wa masika unaokung'ang'ania kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Ulinifundisha nisinong'one ninaposoma maswali, maana ukinong'ona unamwambia mwenzako aone haya. Ulinifundisha pia namna ya kumwondoa mume anayejikalisha karibu kusikiliza. Ulikuwa unamwambia, "Baba, hebu mtazame yule ng'ombe, mlio wake siupendi." Ng'ombe kanyamaza zake anacheua, na mzee anaondoka mbio. Tumewafanya ng'ombe wengi wazima waonekane wagonjwa mwaka ule.

Na wanawake walikuwa wanajibu. Wengine walikuwa wanajibu kabla sijamaliza swali, kama waliokuwa wanasubiri kuulizwa miaka yote. Nilirudi nyumbani nimejaa siri za watu, na ya kwangu nimeikalia.

Kisha mambo yakaharibika. Daktari Elinami akatuita mjini, uso umekunjamana. Karatasi zetu za mlimani hazikupatana na vipimo. Wanawake wengi ambao karatasi ilisema ni wa haraka, daktari akiwapima anakuta ni wa mkazo. Hakusema kwamba tumejaza majibu ya kubuni, lakini aliuliza mara mbili kama kweli tulifika nyumba zote. Akasema ikiendelea hivi itabidi aandike kwamba maswali hayafai kwa wanawake wa vijijini, kwamba hawawezi kujieleza, na kila mmoja lazima ateremke hospitali. Mimi na wewe tulijua maana yake. Bibi mwenye magoti mabovu hateremki. Atabaki na vitambaa vyake mpaka afe.

Sijawahi kukuona umekasirika vile. Ulisimama ukafunga kanga upya kiunoni, ukasema, "Wanajieleza. Sisi ndio tumekwenda kuuliza vibaya." Daktari akasema maswali yametoka mbali, yamepimwa nchi nyingi. Ukamjibu, "Sawa baba, Uru yalikuwa hayajafika." Nilitamani kupiga makofi.

Ukataka turudi kwa wale ambao karatasi na daktari hawakuelewana. Yule bibi wa kwanza, jina lake silitaji hata kwako, siri ya mshiriki ni siri. Tulifika hayupo. Tukakaa kwenye benchi la jikoni, mjukuu wake akatupa ndizi za kuchoma. Mara tukaona mzigo wa majani unapanda kilima wenyewe. Kweli, ulionekana mzigo tu, na miguu miwili chini yake. Bibi akafika uani, akautupa chini puu, vumbi likaruka, akakaza kanga yake haraka haraka kwa nyuma.

Kwenye karatasi yetu, swali la kubeba kitu kizito, bibi huyohuyo alikuwa amejibu hapana, mkojo hautoki. Ukamuuliza, pole pole, kama unaulizia bei ya maharage: mama, si ulituambia hubebi vizito? Akasema ndiyo, sibebi, wanangu wamenikataza. "Na hili?" Akautazama mzigo, akakutazama wewe, akakuona umechanganyikiwa. "Hili ni majani ya ng'ombe."

Yesu na Maria, ulisema, ukakaa chini. Kitu kizito, alitueleza bibi kwa huruma, ni gunia la kahawa, ni mbao, ni saruji, ni vya wanaume. Majani ni majani tu. Amejitwika hayo kila siku tangu ana miaka minane, na akiinuka nayo mkojo unamtoka kidogo, lakini sisi hatukumuuliza majani. Tulimuuliza vizito.

Hapo ndipo nilipoona ukunga wako. Hukuishia hapo. Ukamwomba akuonyeshe choo. Choo chenyewe kiko chini ya nyumba, ukipita migomba, kwenye ngazi za kuchimba ardhini kama zilivyo za sote huko mlimani. Alikuwa amejibu kwamba ndiyo, mkojo humtoka kabla hajafika chooni, na karatasi ikamwandika wa haraka. Ukamuuliza unatokea wapi. Akasema kwenye ngazi, ile ya tatu, ile ndefu, ukitua mguu. Na kabla hujaanza kushuka? Kabla sina shida, mama, nikibanwa naweza hata kumaliza kukamua kwanza.

Ulinigeukia na uso uliokuwa unang'aa. Mtu anayeweza kumaliza kukamua ng'ombe hana haraka yoyote! Kilichokuwa kinamtoa mkojo ni kule kutua mguu kwenye ngazi ndefu. Ni mkazo uleule wa kukohoa, sema yeye anaukohoa kwa miguu. Aliyetunga lile swali choo chake kilikuwa chumba cha pili, sakafu sawasawa, unakwenda kwa ndala. Hakujua kwamba kuna watu ambao kwenda chooni ni kushuka mlima. Wewe ulilijua hilo tangu unatambaa, na mimi pia, na tulilisoma lile swali nyumba baada ya nyumba bila kuliona. Tulikaa kwenye ile ngazi tukacheka, wewe, mimi na bibi, sote watatu tumekunja miguu. Wewe tu ndiye hukuwa na sababu, na ulitutazama mimi na yeye kwa zamu.

Daktari hakukubali kwa simu. Ukamwambia aje, na bibi mwenyewe akasema aje, tena aje na njaa. Akaja na viatu vyake vya ofisini. Nakumbuka ulivyomwambia ajaribu mzigo mwenyewe, na mimi nikadhani atakataa, ila aliona haya mbele ya bibi. Akaweka ngata kichwani, tukampandishia majani, akainuka, akapiga hatua mbili, shingo ikaingia mabegani, akasema kwa sauti nyembamba, "Hiki ni kizito!" Bibi alicheka akaegemea mgomba. Wewe ukamwambia daktari, "Mwandikie basi." Akashuka na zile ngazi pia, akirukaruka kama kuku anayekwepa maji, na aliporudi juu hakuwa mbishi tena. Alikula mtori bakuli mbili. Akasema tutaandika maswali mapya, mimi na wewe tuyapendekeze, na tuyajaribu kwa wanawake wengine kabisa kabla ya kuyaamini.

Tuliyaandika palepale jikoni kwa bibi. Siku tisa baadaye ulianguka. Presha, walisema. Asubuhi ulikuwa umenipigia simu kuniambia tusisahau ndoo ya maji kwenye orodha ya mizigo, na jioni Flora akanipigia yeye.

Iliniuma, Mama Flora. Bado inaniuma, na sitaki kuizunguka.

Ila acha nikuambie kilichonipata kwenye mazishi, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamesimama kwenye migomba ya kihamba cha jirani, kila uliyemzalisha amekuja na aliyemzaa. Nilipoona udongo unaanza kuingia nililia kwa kwikwi, na kila kwikwi moja ilikuwa na mkojo wake. Nikalowa. Na palepale, katikati ya kilio, wazo likanijia: kukohoa, kupiga chafya, kucheka, kubeba. Kulia hakumo! Mama Flora, tumesahau kulia! Nikataka nikugeukie nikuambie, na wewe ndiye uliyekuwa unashushwa. Nikaanza kucheka. Nilicheka na kulia pamoja, na shemeji yako akanishika mkono akanipeleka kivulini nikapewe maji, anasema msichana ameshikwa na majonzi. Nikamwacha aamini hivyo.

Jumatatu nilimwambia daktari tuongeze kulia. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema kuna mshiriki mmoja ameniambia. Unaona sasa? Umezikwa Ijumaa, na mimi nadanganya tena.

Maswali yako yanafanya kazi. Nilitaka niliweke mwanzoni kabisa hili lakini nikaogopa utaacha kusoma ukakimbilie kuwaringia malaika. Tumeyauliza kwa wanawake wapya, Uru, Masama na huku mjini. Ukijitwika mzigo, kama majani ya ng'ombe, kuni au ndoo ya maji, mkojo hukutoka? Ukishuka mteremko au ngazi? Ukibanwa, unaweza kumalizia kwanza kazi iliyo mkononi, kama kukamua, kabla hujakwenda? Lile la kukamua ndilo daktari analipenda mpaka anatuudhi. Karatasi na vipimo sasa vinaelewana, siyo kwa kila mtu, wale wenye yote mawili bado wanatusumbua kama ulivyosema siku ya kwanza, lakini kwa wengi vinaelewana. Na huku mjini, kwa wasio na ng'ombe, tunasema kumalizia kufua. Daktari Elinami haandiki tena kwamba wanawake wa vijijini hawawezi kujieleza. Nilimwona kwa macho yangu akiifuta ile sentensi.

Manesi wa zahanati mbili wameshaanza kuyatumia. Bibi yetu wa ngazi ya tatu anafanya mazoezi huku anakamua: kaza, hesabu mpaka tano, legeza. Anasema ng'ombe ameshazoea mwendo huo na sasa asipohesabu maziwa hayashuki. Wanawake wa jumuiya yenu wanayafanya kanisani wakati wa matangazo, maana hakuna anayeona kitu na matangazo yenu ni marefu. Paroko amesema hajawahi kuona akina mama wametulia hivyo. Huko mbinguni usije ukamwambia mtu.

Sasa lile jambo.

Miezi minne iliyopita Flora alikuja hapa Njoro na mkoba wako wa kazi. Alisema alikuwa anaogopa kuufungua, akaomba tuufungue wote. Kulikuwa na mwamvuli, rozari, biskuti nusu pakiti zilizogeuka unga, penseli yako yenye meno yako, na chini kabisa, imekunjwa mara nne, karatasi ya mazoezi ya siku ile ya ukumbi wa feni. Ya kwangu. Kwenye jibu umeandika hapana, kama nilivyosema. Na juu kwenye kona, kwa penseli, neno lile tunaloandika tukiona mshiriki ana lake moyoni ambalo hajalisema, ili aende kuulizwa siku nyingine na mtu mwingine: Arudiwe.

Nilikaa chini. Flora akaniuliza dada Haika, vipi? Kwanza nilikasirika, nakiri. Ulijua tangu saa ile na ukanyamaza, ukatembea na mimi milima yote ile, ukaniona nikikunja miguu, ukanitania malaria yangu, ukaitunza hiyo karatasi. Halafu nikaelewa kwamba ulikuwa unasubiri. Ulikuwa umewapa wanawake wote wa mlimani nafasi ya kuulizwa upya vizuri, na mimi ukaniweka kwenye foleni hiyohiyo.

Nilikwenda kwetu Masama, nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo kama mtu anayekwenda kuomba msamaha anavyofunga, nikalileta kwako Uru. Baba Flora aliniona naliweka kaburini. Hakuuliza kosa ni lipi. Akasema tu, "Mama yenu hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, ila majani ya sale alikuwa anayapenda." Ndama Dodoso akaja akataka kulila. Nikamfukuza.

Na Flora, unajua Flora ameingia kwenye kazi yetu? Ndiyo, bintiyo mdodosaji. Alikuwa anatafuta mtu wa kujifunzia, na kanuni inasema anayerudiwa aulizwe na mtu mwingine. Nikamwambia kaa hapo, chukua penseli ya mama yako, niulize. Tulikaa sebuleni kwangu, watoto wameenda shule. Anasoma kama wewe, hanong'oni. Ukishuka mteremko au ngazi, mkojo hukutoka? Nilitazama zulia. Miaka sita ya kuficha, Mama Flora. Nimewauliza wanawake sijui wangapi swali hilo, nikawasifu kwa ujasiri wao, nikarudi kwangu nikafua kanga yangu kwa kujificha.

Nikasema ndiyo. Ukijitwika mzigo? Ndiyo. Ukicheka? Ndiyo, na mama yako ndiye alikuwa ananichekesha. Ukilia? Ndiyo, kwenye msiba wake. Flora akaandika, machozi yanamdondokea kwenye karatasi, halafu akaanza kucheka, na mimi nikaanza, na kwa mara ya kwanza sikukunja miguu. Niliacha tu. Lilikuwa zulia la kufulika.

Mimi ni wa mkazo, karatasi imesema, na daktari akasema hivyohivyo. Huu ni mwezi wa nne nafanya mazoezi, asubuhi, mchana na wakati baba Ndeshi anapiga teke pikipiki yake. Yeye nimemwambia. Akasema, "Sasa kwa nini ulikuwa unabeba ndoo peke yako?" Siku hizi anabeba yeye. Sijapona kabisa, chafya bado inanishinda mara mojamoja. Kucheka nimekuweza. Ngazi nazishuka.

Jumamosi ijayo ndiyo misa yako ya mwaka. Mapadri wenu wamekubali kwaya yetu ya Kilutheri ije kuimba, Baba Flora ameomba, maana ulikuwa unasema ninyi mnaomba vizuri na sisi tunaimba vizuri. Bila kujua, umetuchagulia wimbo wa mwisho, ule wa kurukaruka, uliokuwa unaniuliza kila mara kwa nini siuimbi. Mwalimu wa kwaya amesema ni sare ya sikukuu.

Aika mae, Mama Flora. Asante kwa kuandika nililosema, na kwa kuandika pia kwamba hukuliamini. Karatasi yangu ya zamani ninayo, sitaifuta ile kona. Pumzika, ila siyo Jumamosi. Jumamosi uangalie mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Nitaruka, na sketi itakuwa nyeupe.

Mwanao,
Haika